Sura ya Sita: Mlango Kabla ya Ubao

Mnyarwanda ana maneno mawili pale ambapo sisi tunalo moja. Kile kinachozunguka kwenye bawaba, kinachofungwa usiku na kufunguliwa alfajiri, anakiita urugi. Ule uwazi wenyewe ukutani, mahali mtu anapopita, anauita umuryango. Mrundi vivyo hivyo. Muganda naye hachanganyi: oluggi ni ubao, omulyango ni uwazi. Mzulu, kule kusini kabisa, ana isivalo kwa kinachofunga na umnyango kwa panapopitika. Umuryango, omulyango, umnyango, mlango: sikio halihitaji mwalimu ili kutambua kwamba hili ni neno moja lililotembea nchi nyingi.

Basi mlango wetu kwa asili si ubao. Ni uwazi. Ni pale ndani inapokutana na nje. Nyumba ya miti na udongo ilikuwa na mlango hata kama kilichoziba usiku kilikuwa mkeka, au ngozi, au fito zilizofungwa kwa kamba. Na pango lina mlango ingawa halijawahi kuona seremala. Kiswahili kilipobaki bila neno la pekee la ubao, mlango ukabeba mizigo yote miwili, na leo ukimwambia mtoto "simama mlangoni" na "paka mlango rangi" anaelewa bila kuuliza kwamba umetaja vitu viwili.

Naanza na jambo hili kwa sababu bila hilo maana nyingi za neno mlango zinaonekana kama rundo la bahati nasibu. Ubao una uhusiano gani na ukoo? Bawaba ina uhusiano gani na bahari, au na kitabu, au na tumbo la mama? Ukishikilia ubao hupati jibu. Ukishikilia uwazi, kila fani inajieleza yenyewe, na unagundua kwamba mkunga, nahodha na mzee wa ukoo wametunza maana kongwe kuliko ile iliyozoeleka mitaani.

Fani iliyoivuta maana kuelekea kwenye mbao ni useremala, na haikufanya kosa, maana seremala haundi uwazi. Uwazi ni kazi ya mwashi. Nenda Keko, Dar es Salaam, ukaulize bei ya mlango wa mninga. Utatajiwa bei ya ubao peke yake. Fremu ina bei yake, bawaba na kitasa utavitafuta duka la vifaa vya ujenzi. Rudi sasa saiti, msikilize mwashi akisema mlango huu mwembamba, kabati halitapita. Yeye anazungumzia nafasi aliyoiacha kati ya tofali na tofali. Seremala anakuja na futikamba, anaupima mlango wa mwashi, kisha anakwenda kutengeneza mlango wake. Wanatumia neno hilo siku nzima, kila mmoja kwa kitu chake, na kazi inakwenda.

Hata hivyo, milango ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliyo maarufu kuliko yote pwani hii, inatoa ushahidi usiotarajiwa. Simama mbele ya mmojawapo wa zamani, ule wenye kizingiti cha juu kilichonyooka, uuangalie kwa utulivu. Mbao mbili zinazofunguka zimepigwa misumari mikubwa ya shaba kwa mistari, lakini kwa sehemu kubwa ni mbao tupu. Nakshi ziko wapi? Ziko kwenye miimo, ile miti miwili ya pembeni inayosimama daima. Ziko kwenye kizingiti cha juu, ambako mara nyingi pamechongwa aya au mwaka wa Hijria. Ziko kwenye mfaa, ule mti wa katikati unaofunika mahali mbao mbili zinapokutana. Ukingoni unapanda mnyororo uliochongwa pete kwa pete. Chini kuna mawimbi au samaki. Kati yake majani na maua ya yungiyungi. Fundi alitumia patasi yake kuzunguka njia ya kupita. Kile kinachozunguka kwenye bawaba alikiachia misumari. Wazee wa mji husimulia kwamba tajiri alianza kwa kuagiza mlango, kisha nyumba ikajengwa kuufuata. Simulizi hiyo inalingana na macho yanavyoona: kilichopambwa ni tendo la kuingia.

Tuondoke nchi kavu. Mvuvi wa pwani yetu anaishi na ukuta kila siku. Ni mwamba wa matumbawe unaokwenda sambamba na ufuo, kwa masafa marefu ukiwa wazi kabisa maji yakipwa. Ndani yake maji yametulia, nje yake ni bahari kuu. Mahali mwamba unapokatika, chombo kikaweza kutoka na kuingia, pana jina moja tu: mlango. Hakuna anayefikiria ubao hapo.

Kwa nini mwamba ukatike? Sababu yake inapendeza. Tumbawe ni mnyama anayetaka maji ya chumvi, safi, yenye mwanga. Mto unapomwaga maji matamu na tope baharini, matumbawe yaliyo mbele yake hayasitawi. Tena zamani za barafu, wakati usawa wa bahari ulikuwa chini sana kuliko sasa, mito ilichimba mabonde ambayo leo yamezama, na mabonde hayo ndiyo vijito vyenye kina vya Mtwapa na Kilifi na bandari ya Mombasa. Kilindini pamepata jina kwa kilindi chake. Kwa hiyo mara nyingi mlango wa mwamba unaelekeana na mlango wa mto, maana pale mto unapokutana na bahari nako tunapaita mlango, na mmoja umeuzaa mwenzake.

Kuupata mlango wa mwamba si jambo la kubahatisha. Nahodha anaangalia rangi: penye kina maji yana buluu nzito, penye mwamba yanapauka na mawimbi yanavunjika meupe. Juu ya hayo ana alama mbili nchi kavu, moja ya karibu na moja ya mbali, tuseme mnazi mmoja na mnara wa msikiti nyuma yake. Alama zikisimama mstari mmoja, yuko mlangoni. Mnara ukichomoza kulia au kushoto mwa mnazi, ameanza kuukaribia mwamba. Kisha kuna saa. Wakati wa bamvua maji ya Zanzibar na Mombasa hupanda na kushuka karibu mita 4, kwa hiyo njia iliyomruhusu asubuhi inaweza kumkatalia adhuhuri. Seremala anapima mlango kwa upana na urefu. Nahodha anaupima kwa kina, na kipimo chenyewe kinabadilika kutwa.

Kuna vita vizima vilivyopiganwa juu ya maana hii. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliingia Zanzibar ikaizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus iliyokuwa imetia nanga. Baada ya hapo Königsberg, yenye mitambo iliyohitaji matengenezo, ikarudi kujificha ndani ya delta ya Rufiji. Delta ile si mlango mmoja. Rufiji ukikaribia bahari unagawanyika matawi mengi katikati ya mikoko, na kila tawi lina mlango wake: Simba Uranga, Kikunya, Kiomboni, Suninga na mingine. Waingereza walipoigundua mwishoni mwa Oktoba, hawakuweza kuifuata kwa meli zao kubwa kwa sababu ya kina. Wakaamua kufanya kile ambacho kila mwenye nyumba angefanya: kufunga. Tarehe 10 Novemba 1914 waliizamisha kwa makusudi meli kuukuu ya makaa, Newbridge, katika mlango wa Suninga.

Mlango ukafungwa, na Königsberg ikasogea ndani zaidi, kwenye matawi mengine. Nyumba yenye milango mingi haifungwi kwa komeo moja. Ilibidi Waingereza wavute kutoka Malta meli mbili za ajabu, Severn na Mersey, zilizojengwa awali kwa ajili ya Brazili ili zitembee kwenye mito, zenye uwezo wa kuelea katika maji yasiyofika mita 2. Julai 1915 meli hizo ziliingia kwa mlango wa Kikunya. Jaribio la tarehe 6 lilishindikana. La tarehe 11 likaimaliza Königsberg. Mizinga yake 10 iliopolewa mtoni ikaendelea kutumika nchi kavu mikononi mwa jeshi la Kijerumani la kamanda Lettow-Vorbeck, na mmoja wake uko Fort Jesus, Mombasa, pamoja na mzinga wa Pegasus. Katika kisa hiki chote, kwa karibu miezi tisa, swali la makamanda lilikuwa lile la mvuvi wa Mafia: mlango gani unaingilika, na saa ngapi.

Sasa tuje kwa watu. Miongoni mwa Wamijikenda, mbari ni ukoo mkubwa. Ndani ya mbari kuna mryango, na ndani ya mryango kuna nyumba. Mryango ni mlango uleule. Kwa Waswahili wa zamani wa miji ya pwani, kusema fulani na fulani ni wa mlango mmoja ni kusema nasaba yao inakutana karibu. Nchini Rwanda na Burundi maana hii ndiyo imeshika usukani: umuryango ni familia, na kwa kuwa familia inaweza kupanuliwa, Umoja wa Mataifa ni Umuryango w'Abibumbye, na Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ni umuryango. Afrika Kusini neno limechukua njia nyingine. Wazulu wanaita idara ya serikali umnyango, hivyo elimu ina mlango wake na afya ina mlango wake.

Mtu anaweza kudhani hii ni tabia ya lugha za Kibantu peke yake. Lakini Mjaluo, ambaye lugha yake haina undugu na zetu, anaita ukoo dhoot, na neno hilo ni mdomo wa nyumba, yaani pale pa kuingilia. Wanueri wa Sudan Kusini, walioandikwa na mwanaanthropolojia Evans-Pritchard katika kitabu chake cha mwaka 1940, wanauita ukoo thok dwiel, maana yake ikiwa ileile. Lugha zisizo ndugu zimefika mahali pamoja, na sababu naiona katika ramani ya boma. Katika mji wa mume mwenye wake watatu, baba ni mmoja, uwanja ni mmoja, zizi ni moja. Kinachowatofautisha watoto ni nyumba ya mama walikotokea. Kila mke ana nyumba yake yenye mlango wake, na siku ya kugawa mashamba au ng'ombe swali linakuwa: hawa ni wa mlango upi? Vizazi vitatu vikipita, nyumba ile imekwisha kuoza, miti yake imeliwa na mchwa, mama amezikwa. Mlango unabaki, umekuwa jina la watu mia mbili. Ukoo haukuanzia kwenye ubao. Ulianzia pale watoto walipotokea.

Hapa panafaa pia kutajwa ile ada ya harusi za pwani iitwayo kifungua mlango, zawadi ya bwana harusi kwa wale wanaomzuia asiingie alipo bibi harusi. Anayelipa halipii mbao. Analipia kuruhusiwa kuingia katika mlango wa watu.

Kwa wasomi mlango ulikuwa sehemu ya kitabu. Kitu tunachokiita sura, kama hiki unachosoma sasa, wazee wetu wengi walikiita mlango, na makanisani bado utamsikia mhubiri akisema tufungue Yohana mlango wa 3. Chimbuko lake naliona chuoni. Vitabu vya fikihi na hadithi vilivyosomeshwa pwani kwa karne nyingi vimegawanywa kwa milango: bab ya twahara, bab ya sala, bab ya ndoa. Bab kwa Kiarabu ni mlango wa nyumba na ni sehemu ya kitabu pia. Mwalimu aliyewafasiria wanafunzi wake alisema mlango, ikawa hivyo, na wamisionari walipokuja kutafsiri walilikuta neno likiwa tayari na kazi. Sura yenyewe ni neno la Kurani, ambalo baadaye limetanda mpaka likaingia katika riwaya na vitabu vya kemia. Sina ugomvi nalo. Ila mlango ulikuwa na faida moja: ulimwambia msomaji kwamba anaingia mahali, na kwamba anaweza kuingilia popote anapohitaji, kama mtu anayekwenda moja kwa moja kwenye bab ya mirathi kwa sababu amefiwa jana.

Bab hiyohiyo imo katika Bab-el-Mandeb, mlango unaounganisha Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden. Ni Mlango wa Maombolezo, jina linalohusishwa na hatari za kuupita. Vitabu vyetu vya jiografia huuita Mlango-Bahari wa Bab-el-Mandeb, kwa hiyo mwanafunzi anautamka mlango mara mbili, kwa lugha mbili.

Darasani pia ndiko tulikofundishwa milango ya fahamu, yaani macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Ni lugha nzuri ya kisayansi kuliko inavyodhaniwa, maana inamwonyesha mtoto kwamba mwili una ndani na nje, na kwamba habari za dunia zina mahali pa kupitia. Na nje ya darasa kuna milango ya riziki, inayoombwa ifunguliwe misikitini, makanisani na vijiweni kwa maneno karibu yaleyale.

Lakini fani ninayotaka kukaa nayo zaidi ni ukunga, kwa sababu ndiko neno hili linakookoa watu, na ndiko liliko na mshindani.

Chini ya mji wa mimba kuna sehemu nyembamba, ngumu kiasi, yenye tundu dogo katikati, inayofungukia kwenye uke. Madaktari waliosoma kwa Kilatini wanaiita cervix, maana yake shingo, kwa kuwa walimu wao wa zamani waliitazama kwenye meza ya kupasulia wakaona umbo lililobana kama shingo ya chupa. Kutoka hapo tumepata shingo ya kizazi, tafsiri ya neno kwa neno. Wakunga na mama zetu wanasema mlango wa kizazi. Maneno yote mawili yamo katika mabango ya afya, wakati mwingine ndani ya bango moja.

Shingo ni jina la umbo. Mlango ni jina la kazi. Miezi tisa kazi ya sehemu hiyo ni kubaki imefungwa, na ikifunguka kabla ya wakati mimba iko hatarini. Uchungu ukianza, kazi yake inageuka: inalainika, inakuwa fupi, inafunguka. Mkunga anapima kwa vidole viwili, cha shahada na cha kati. Anaviingiza, anavitanua mpaka viguse kingo mbili, na kwa mazoea ya mkono anajua umbali kati ya ncha zake. Anamwambia mama, "Mlango umefunguka sentimita nne, mama, tuendelee kutembea." Mama aliye katikati ya maumivu anaielewa sentensi hiyo mara moja, hata kama hakupita shule. Hebu jaribu kumwambia kwamba shingo imefunguka. Shingo ya kiumbe gani hufunguka?

Kipimo hicho kina historia yake barani Afrika. Mwaka 1972 watafiti Philpott na Castle, wakifanya kazi katika mji ambao leo ni Harare, walichapisha chati yenye mistari miwili iliyokuja kutumika dunia nzima, ile ambayo wauguzi wetu wanaijua kama patografu. Shida waliyotaka kuitatua ni ya vijijini: mkunga aliye peke yake kwenye kituo kidogo, hospitali iko mbali, anajuaje kwamba uchungu huu umekwama na mama anapaswa kusafirishwa? Wakachora mstari wa tahadhari unaopanda sentimita 1 kwa saa, na mstari wa kuchukua hatua saa 4 mbele yake. Mkunga anatia alama kila anapopima mlango. Alama zikivuka mstari wa kwanza, gari litafutwe. Kwa miaka mingi hesabu hiyo ilianzia sentimita 4. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilisogeza mwanzo wa uchungu kamili hadi sentimita 5, likakiri pia kwamba wanawake wengi wenye afya hufunguka polepole kuliko sentimita 1 kwa saa bila madhara, na mwongozo mpya wa mwaka 2020 ukaacha mstari ule ulionyooka. Mlango wa kila mama una mwendo wake, jambo ambalo wakunga wazoefu walilishika kwa vidole kabla halijaandikwa.

Kufikia sentimita 10 mkunga akipima hagusi ukingo tena. Anagusa kichwa cha mtoto tu. Mlango umefunguka wote.

Upande wa pili ni saratani. Karibu visa vyote vya saratani ya mlango wa kizazi vinatokana na kirusi cha HPV, na aina mbili za kirusi hicho, ya 16 na ya 18, zinasababisha takriban asilimia 70. Tanzania ilianza kutoa chanjo kwa wasichana nchi nzima mwaka 2018, Kenya mwaka 2019. Uchunguzi wa kawaida katika zahanati hauhitaji mashine: muuguzi anapaka siki iliyopunguzwa nguvu kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja, anaangalia. Palipoanza kuharibika pakibadilika kuwa peupe, panaweza kutibiwa kabla saratani haijawa saratani, mara nyingi siku hiyohiyo. Lengo la dunia lililowekwa mwaka 2020 ni kwamba ifikapo 2030 asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa, na asilimia 90 ya watakaokutwa na tatizo watibiwe.

Ndiyo maana nawasihi wanaoandika mabango na vipindi vya redio washike neno mlango. Mwanamke anayeambiwa kwamba shida iko mlangoni anaelewa ilipo, anaelewa kwamba panafikika, na anaelewa kwa nini muuguzi anaweza kupaona kwa macho bila kumpasua. Neno shingo linampeleka kwanza kooni, kisha inabidi arudishwe. Kwenye ugonjwa ambao kuwahi ndiko kupona, kumrudisha mtu njiani ni hasara.

Nimebakiwa na watu wawili, wa uwanjani na wa sokoni. Mlinda mlango wa soka analinda uwazi wa mita 7.32 kwa mita 2.44 ambao haujawahi kuwa na ubao. Watangazaji wetu wa mpira wameujengea paa: mti wa juu wanauita mtambaa panya, jina la boriti ya nyumba ambako panya hupita usiku. Mpira ukigonga mtambaa panya, msikilizaji wa redio anaona nyumba nzima, na kipa amesimama mlangoni mwake.

Mfanyabiashara yeye amefanya kinyume cha wote. Zamani ukubwa wa duka ulitajwa kwa milango, duka la mlango mmoja, duka la milango miwili, na Mwanza hadi leo kuna soko la Mlango Mmoja. Nairobi wana Mlango Kubwa, kata ya Mathare, jina lililoingia katika hati za uchaguzi likiwa na sarufi yake ya mtaani bila kusahihishwa. Dar es Salaam hivi sasa hawasemi mlango, wanasema fremu. Fremu ilikuwa mbao zinazouzunguka mlango, ikawa uwazi wenyewe, ikawa chumba kizima cha biashara. Kijana akikwambia amepata fremu Kariakoo hajanunua mbao, amepangisha chumba, amempa dalali chake, na pengine amemlipa kilemba aliyekuwamo ili aondoke.

Ukimuuliza dalali bei, atakuuliza kwanza unataka fremu ya nje au ya ndani. Fremu inayotazama barabara na fremu iliyo kwenye korido ya nyuma zinaweza kulingana kwa ukubwa, sakafu ileile, taa zilezile, na kodi zake zisikaribiane hata kidogo. Anachokodisha mwenye nyumba ni chumba. Anacholipia mpangaji ni idadi ya watu wanaopita mbele ya ule uwazi.